Ile picha ilitoka humu humu

Mama Mdogo [4:18 usiku]
Jamani mko macho?

Mimi
niko mama mdogo, vipi tena

Mama Mdogo
Mdogo wako kasema shule haendi tena. Wiki ya tatu hii kila jumapili jioni tumbo, jumatatu asubuhi tumbo, hospitali wamempima hawaoni kitu nikajua uvivu tu nikamfokea kweli kweli. Leo nachukua nguo za kufua nakuta daftari limechanwachanwa na kila ukurasa wamemwandikia PUTO PUTO PUTO. Kumbana ndo akalia. Kumbe wanamuonea tangu muhula uanze na wana grupu lao la darasa wanarushiana stika za picha yake

Mjomba
aah madogo wa siku hizi wepesi sana. sisi tulionewa shule nzima na tukapona, mwambie arudishe ngumi moja tu

Mama Mkubwa
Tulipona nani? We mpaka leo ukifika karibu na ile shule unabadilisha njia

Mjomba
dada hayo yameingiaje tena 😂

Bibi
MTOTO AMEKULA?

Mama Mdogo
Kidogo mama

Mama Mkubwa
Nisikilize mdogo wangu. Kumfokea umeshamfokea, kesho muombe radhi yaishe. Miaka yote niliyofundisha nimeona watoto hawasemi si kwa sababu hawatupendi, wanaogopa tutakachofanya tukijua, tutamnyang'anya simu au tutavamia shule tukipiga kelele halafu mapumziko anabaki yeye na walewale. UNESCO 2019 walisema karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 alionewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja, sasa jiulize wazazi wangapi walijua

Mama Mdogo
Simu nimeshamnyang'anya dada 😩

Mama Mkubwa
Mrudishie, maana hapo umemwadhibu aliyeonewa. Ila kaeni wote mpige skrinshoti za hizo stika na meseji, tarehe zionekane, kabla hawajafuta

Mjomba
nipeni namba ya baba wa huyo kiongozi wao nimpigie sasa hivi

Mama Mkubwa
Usimpigie mtu! Mzazi akipigiwa saa hizi atamtetea mwanae hata kama anajua kakosa, we usingefanya hivyo? Hii ni ya mwalimu wa darasa na wa ushauri nasaha, kwa maandishi, na waseme lini turudi kuuliza wamefanya nini. Na wasije wakawakalisha wapeane mikono, kupatanishwa ni kwa waliogombana, huyu hajagombana na mtu

Mimi
na wale wanaochekaga pembeni je. mi nilikuwa huko mama mkubwa, sikuwahi kumtukana yule msichana hata siku moja, nilikuwa nacheka tu

Mama Mkubwa
Kicheko ndo mshahara wa muonevu mwanangu. Finland wana programu ya mashuleni inaitwa KiVa, imejengwa hasa juu ya hao wa pembeni, kwamba wakiacha kushangilia mchezo unakosa ladha

Mama Mdogo, umemuuliza kama anawaza kujidhuru?

Mama Mdogo
Naogopa

Mjomba
dada usimpandie mtoto wazo ambalo hana

Mama Mkubwa
Kuuliza hakupandi wazo, hilo limechunguzwa sana. Muulize waziwazi usizunguke. Akisema ndio usimwache peke yake hata dakika, toa dawa na vyenye makali chumbani, twende hospitali usiku huu huu

Mama Mdogo [4:57]
Nimemuuliza. Amesema kufa hapana ila anatamani alale mpaka shule zifungwe

Mama Mkubwa
Hata hiyo tusiipuuze. Lala naye chumba kimoja, dawa ziondoe vilevile, asubuhi nakuja tumpeleke kwa mtaalamu. Na tumbo haigizi, wasiwasi unauma tumbo kweli

Mama Mdogo
Asante dada. Kuna kitu kingine sijui nisemeje. Hiyo picha ya stika ni ile amelala kwenye gari mdomo wazi. Kaka uliituma humu ukaandika puto letu limeishiwa upepo, tukacheka wote. Kisha ukaiweka status, na jirani yako ana mtoto darasa lile lile

Mimi
nimepanda juu kuangalia. na mimi nimeweka vicheko vinne pale

Mjomba [5:06]
nimefuta

Mjomba
ila kufuta sasa inasaidia nini. naweza kuongea naye?

Mama Mdogo
Yuko macho. Anasema sawa

Mama Mkubwa
Usimwambie ajikaze

Mjomba
sasa nimwambie nini

Mama Mkubwa
Mwambie ulichokosea, halafu nyamaza

Bibi
NA USIMWITE PUTO. ANA JINA NILIMPA MIMI

Mjomba [5:31]
tumeongea. yaani nimeongea mimi, yeye kimya kabisa nikajua kakata. nikamwambia na ile habari ya mimi kukwepa njia, sijawahi kumwambia mtu zaidi ya dada

ndo akaniuliza, mjomba we ulikuwa unapitia wapi