Nani aliwapa Lakers pointi 100 za Wilt?

Wadau wa kikapu, hii kitu imenikaba kooni tangu Jumamosi. Nimelipishwa samaki wa watu sita pale Dunga kwa hukumu iliyotolewa kinyozini, na si samaki wanaoniuma. Ni ile hukumu.

Ilikuwa hivi. Pale tunaponyolea Kondele, hapa Kisumu, tulikubaliana tukutanishe timu mbili za kufikirika za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani: Lakers wa nyakati zote na Boston Celtics wa nyakati zote. Kila upande uteue wachezaji kumi na kocha mmoja, ichezwe mechi moja, na atakayeshindwa anunue samaki. Mimi na ndugu yangu tukachukua Boston. Kijana mwenye simu akafanywa mwamuzi, na kazi yake yote ikawa kusoma takwimu za kila mchezaji na kuzijumlisha. Baadaye akatangaza Lakers wameshinda kwa pointi thelathini na kitu. Watu wakapiga makofi.

Lakers wanaweza kushinda, hilo sikatai hata kidogo. Wana Magic, wana Kobe, wana Shaq. Ninachokataa ni wizi wa mahesabu.

Upande wa Lakers waliandika Wilt Chamberlain, pointi 100, na zikahesabiwa. Zile pointi 100 Wilt aliwafungia Philadelphia Warriors, tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, dhidi ya Knicks. Msimu huo alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi. Jezi ya Lakers aliivaa 1968! Wilt wa Lakers alikuwa mtu wa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, na ulinzi. Msimu wa 1971-72 wastani wake ulikuwa pointi 14.8, timu ikashinda mechi 33 mfululizo na kubeba ubingwa. Huyo ndiye wenu, na ni mkubwa, mpangeni kwa raha zenu. Mkimtaka yule wa pointi 50, basi undeni timu ya Warriors.

Wakamwekea Kareem tuzo sita za mchezaji bora wa msimu. Tatu kati ya hizo alizipata akiwa timu ya Milwaukee. Wakamleta kocha Phil Jackson na ubingwa wake 11, na 6 kati ya hizo ni za Chicago. Nilipoinua mkono nikaambiwa, "Siste, tulia, ni mchezo tu." Ukiunda timu ya klabu, unamchukua mchezaji kama alivyokuwa ndani ya jezi ile. Hata sisi Garnett tulimwandika wa kuanzia 2007, wala hatukugusa miaka yake ya Minnesota.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonifanya nisimame kwenye kiti ni Bill Russell, mlinzi wetu mkuu wa Boston. Mwamuzi alifungua ukurasa wa Russell kwenye simu, akakuta sehemu ya mitupo aliyoizuia iko tupu, akaandika sifuri. Sifuri! Kisha akasema kwa sauti, "Huyu hakuwa anazuia mtu, omera, mnamsifia bure."

NBA ilianza kuhesabu rasmi mitupo iliyozuiwa na mipira iliyoporwa msimu wa 1973-74. Russell alistaafu 1969. Nafasi ile iko tupu kwa sababu mezani hakuna aliyekuwa anaandika.

Na hapa ndipo panaponiuma mimi binafsi, maana mimi ndiye hukaa mezani. Nimeandika karatasi za mechi za shule na za ligi ndogo hapa Kisumu kwa miaka mingi. Kuna msichana mmoja wa kidato cha tatu niliyemwandikia mechi, karatasi yetu haikuwa na safu ya mitupo iliyozuiwa. Mtoto yule alifunga mlango wa kikapu. Kufika robo ya tatu, wapinzani hawakuthubutu tena kuingia ndani, wakabaki kutupa kutoka mbali na kukosa. Karatasi ikasoma pointi 4, faulo 2. Zawadi ya mchezaji bora ikaenda kwa aliyefunga 18. Niliiandika karatasi ile kwa mkono wangu, nikaitia sahihi, na hadi leo nikiikumbuka moyo hunienda mbio. Sasa mtu aniletee karatasi isiyo na safu aniambie huo ni ushahidi?

Tena sehemu ya hii mechi yenu ya kufikirika imeshachezwa! Jerry West na Elgin Baylor mliowaweka kwenye kikosi, Russell alikutana nao fainali. Kati ya 1962 na 1969 Boston iliwafunga Lakers fainali mara sita. Mechi ya saba ya 1962, ile ya kuamua bingwa, Russell alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 40. Mwaka 1969 Lakers walikuwa na West, Baylor na Wilt kwa pamoja, mechi ya saba ikiwa nyumbani kwao, na Boston wakaondoka na ushindi wa 108 kwa 106. Russell alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja.

Shaq? Ndiyo, angemsukuma Russell. Mmoja ana karibu kilo 150, mwingine karibu 100, sitadanganya. Lakini Boston ina Russell, Cowens, Parish, McHale na Garnett. NBA kila mchezaji ana faulo sita, si tano kama tunavyocheza sisi. Hizo ni faulo 30 za watu wakubwa za kumzuia Shaq asifunge kirahisi, apewe mitupo huru badala yake, na hata akiwa na jezi ya Lakers mitupo hiyo aliingiza kama nusu tu. Hesabuni hiyo nayo.

Na ili msiseme napendelea upande wangu: West naye alionewa pale. Mstari wa pointi tatu NBA iliuweka msimu wa 1979-80, yeye alistaafu 1974, kwa hiyo mitupo yake ya mbali yote ilihesabiwa mbili. Mwamuzi hilo pia hakuliona.

Nataka mechi irudiwe Jumamosi hii, palepale. Tukubaliane kwanza sheria za mwaka gani zinatumika, na kila jina liandikwe pamoja na miaka yake ndani ya jezi. Kikosi changu cha kuanza ni Cousy, Havlicek, Bird, McHale na Russell, kocha Auerbach. Safari hii karatasi naandika mimi, na safu ya mitupo iliyozuiwa itakuwepo.