Mtoto miezi 11 haketi, miguu inakakamaa. Nimeambiwa ni mtindio wa ubongo, nisaidieni

Mama_Njiti:
Habari zenu wakuu. Mwanangu ana miezi 11. Alizaliwa njiti, mimba ya wiki 30. Mpaka leo haketi bila kuegemezwa, na nikimsimamisha miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi. Mkono wa kulia kaukunja ngumi muda wote, kila kitu anadaka kwa kushoto. Mie nikawa natamba kwamba ni mashoto kama babu yake! Juzi daktari kasema ni mtindio wa ubongo, akatuandikia mazoezi, akaita mgonjwa mwingine. Maswali yote yamenijia nikiwa njiani kurudi. Je, unapona? Nilikosea wapi, maana nilibeba vitu vizito mpaka siku ya uchungu? Na kuna mtu kaniambia huu ugonjwa unaendelea kuula ubongo taratibu. Silali.

Fundi_Viungo:
Pole mama. Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo, watoto hawa nakuwa nao kila siku.

Kwanza, huyo ukimhesabia tarehe aliyopaswa kuzaliwa ana miezi 8 na nusu. Kutoketi peke yake kusingenitisha sana. Kilichomwambia daktari ni hiyo ngumi, huo mkasi na huo "umashoto". Mtoto hachagui mkono kabla ya kutimiza mwaka. Akichagua mapema, ujue ule mwingine una tatizo.

Mizigo haihusiki, itoe kichwani. Kwa njiti, nyuzi zinazopeleka amri miguuni hupita jirani na vyumba vya maji ya ubongo, na sehemu hiyo kabla ya wiki ya 32 ni laini mno; damu ikipungua au ikivuja, ndiyo huumia kwanza. Wengine huumia kwa rubela ya mama mjamzito, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Na wapo ambao sababu haionekani hata kwa picha.

Jeraha lenyewe haliponi, ila halikui pia. Aliyekwambia linaula ubongo kachanganya mambo: mifupa inarefuka, misuli iliyokaza haifuati, basi mtoto wa miaka 6 anaonekana kazidiwa kuliko alivyokuwa na miaka 3. Tunapambana na hapo.

Mzee_Kijana:
Mdogo wangu alikuwa hivyohivyo. Alichuliwa na kunyweshwa dawa za mizizi, leo anacheza mpira. Hospitali wanakupotezea muda.

Fundi_Viungo:
Mkuu, wapo watoto wanaochelewa tu kisha wanafika. Huenda mdogo wako alikuwa mmoja wao. Mama, akija mtu anauza dawa ya kuponya mtindio, iwe mizizi au sindano ya mamilioni, funga mlango.

Baba_Wawili:
Binti yangu ana miaka 9, wa kukakamaa kama wako. Aina hii ndiyo ya wengi, karibu 8 kati ya 10. Niliyojifunza kwa kuchelewa: mlishe akiwa wima, kidevu kimeshuka kidogo, kamwe si chali. Sisi tulikuwa tunamlaza, anapaliwa, kila mara kifua. Tukadhani ni baridi!

Pili, mazoezi si ya kliniki tu. Kumvalisha, kumbeba akiwa kapanua miguu kiunoni mwako, kumwekea kitu upande wa mkono mvivu, yote ni mazoezi. Binti alichomwa sindano ya botulinamu kwenye shavu la mguu. Inalegeza kwa miezi kama 3, ndipo unawahi kunyoosha na kumvalisha kifaa cha kushikilia kifundo. Wengine hupewa baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, wengine hurefushwa kano kwa upasuaji akikua. Na ukiona degedege au anakodoa macho ghafla, usisubiri, kifafa huwapata wengi.

Ulimi_Mzito:
Nina miaka 27, mtindio wangu ni wa kujinyonganyonga, chanzo manjano. (Kuna na wa kuyumba, huo ni nadra.) Mwili wangu haunitii na ulimi ndio zaidi, lakini kichwa kizima, haya naandika kwa kidole kimoja. Utotoni watu walinijadili mbele yangu kama kabati. Karibu nusu yetu akili haiguswi kabisa. Mama, ongea naye, msomee, na umtafutie mtaalamu wa mawasiliano mapema, usingoje aseme kwanza.

Mama_Njiti:
Nimelia, lakini leo si kama jana. Atatembea?

Fundi_Viungo:
Siwezi kukuapia. Kipimo chetu kina ngazi 5, ya kwanza anatembea mwenyewe, ya tano anahitaji kiti cha magurudumu na msaada kwa karibu kila kitu. Akiketi mwenyewe kabla ya miaka 2, matumaini ya kutembea ni makubwa. Kliniki ijayo ulizia eksirei ya nyonga, wengi huanza kati ya mwaka 1 na 2, maana misuli ikivuta sana huchomoa mfupa wa paja kwenye nyonga kimyakimya.

Mama_Njiti:
Eksirei ya nyonga, nimeandika kwenye karatasi. Safari hii naingia na maswali 9, na sitoki mpaka yaishe.