Mjusi wa jangwani Mombasa: kioo, mbao au waya?

LikoniFeri: Jamani, salamu. Jamaa aliyehama ameniachia mjusi mwenye ndevu, wale wa Australia. Pamoja na mkia afika sentimita 45. Yumo kwenye tangi la samaki la sentimita 90, na kila alfajiri nakuta kioo kimelowa, mchanga umegandamana. Kipimaunyevu chasoma asilimia 78. Seremala wa Magongo ataka kunitengenezea kasha la mbao, mwengine asema waya mtupu. Nichukue lipi?

MamaMtwapa: Mtoe humo, dadangu. Hao kwao ni bara kame, wamezoea asilimia 30 hadi 40. Sisi joto tunalo, tunachokosa ni hewa kavu. Wangu alikaa kwenye kioo masika yote. Akaanza kupumua kinywa wazi hata taa imezimwa, puani mapovu. Daktari wa mifugo akasema ni mapafu. Alipona, lakini nilikesha naye siku nyingi.

FundiBao: Mbao, ila ukatae zile za unga wa kukandamiza. Kasha langu la kwanza lilikuwa hizo. Kusi lilipoingia pembe zilifura kama mkate uliotoswa chaini. Chukua plaiwudi ya marini, ile ya kuhimili maji, sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Vanishi uiache ikauke mpaka harufu iishe kabisa ndipo umtie. Ubavu mmoja toboa chini, wa pili toboa juu, pote pigilia wavu wa alumini: hewa ya moto yapanda na kutoka, nyingine yaingia chini. Sakafuni taili, mchanga akiumeza humziba tumbo.

Kisauni88: Waya nautetea kwa kazi moja tu, jua. UVB, ile miali ya jua anayoihitaji kwa mifupa, haipiti kioo cha dirisha. Saa tatu asubuhi namtoa barazani kwenye kitundu cha waya, dakika 20, nusu nimefunika apate kivuli. Tangi la kioo usilitie juani kamwe, atapikika. Lakini kumlaza kwenye waya sikushauri, wangu alijisugua pua mpaka damu.

LikoniFeri: Na taa za nini, na joto lote hili?

FundiBao: Nyuzi 30 za chumbani hazimtoshi kumeng'enya chakula. Jiwe analootea joto lifike 38 hadi 42, pembe ya pili ibaki na joto la chumba tu. Taa hiyo pia ndiyo itakayokukaushia hewa mchana. Ya UVB ifunge ndani, si juu ya wavu, na ubadilishe kabla ya mwaka hata kama bado yawaka.

MamaMtwapa: Karatasi za KWS, shirika la wanyamapori, je? Mtafute aliyekuachia ungali na namba yake.

LikoniFeri: Nimempigia, yuazitafuta. Seremala aanza Jumamosi. Kwa sasa mchanga nimeutoa wote, nimetandika gazeti, na mfuniko nimeutoa nikaweka wavu. Leo asubuhi asilimia 70, kioo kikavu.