Mama anatumia dawa ya sonona, je diklofenaki ya magoti haina shida?

BintiRungwe
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wenye uelewa wa dawa. Mama yangu yuko Tukuyu, ana miaka 63, alianzishiwa fluoksetini kwa ajili ya sonona baada ya baba kufariki na kwa kweli imemsaidia sana, saivi analala, anakula, hadi shambani anaenda kuchuma chai. Shida ni magoti. Si mnajua baridi la huku Juni na Julai, akishalowa umande asubuhi basi jioni kuinuka ni kazi, anamtuma mtoto duka la dawa anamletea diklofenaki, zikiisha anameza Brufen, karibu kila siku. Juzi kaanza kusema tumbo linamuwaka. Nikamwambia mama mwambie muuzaji dawa unayotumia, hataki kabisa, yule dada wa dukani wanaimba naye kwaya, anasema watu watamuona kachanganyikiwa. Sasa hizi dawa zinaendana kweli? Au aache kwanza ya sonona?

Mfamasia_Mwanjelwa
Pole dada, mpe pole na mama. Ya sonona ASIACHE mwenyewe, ile hali inaweza kumrudia. Tatizo liko kwenye diklofenaki na Brufen, hizo ni kundi moja pamoja na aspirini, zinatuliza maumivu lakini zinapunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Fluoksetini nayo inazuia chembe sahani za damu zisipate serotonini, kemikali ya mwili inayobeba ujumbe kwenye ubongo, na chembe hizo zinaihitaji ili damu igande vizuri. Kwahiyo tumbo linachubuka na wakati huohuo damu inachelewa kuganda, hatari ya kuvuja damu tumboni inakua kubwa kuliko angetumia moja tu, na kwa mwenye miaka zaidi ya 60 ndo inazidi. Kwa hilo tumbo kuwaka mimi nisingesubiri, asimeze tena hizo za maumivu na kesho aonwe na daktari. Akipata choo cheusi kama lami, akitapika damu au akisikia kizunguzungu akisimama, ni dharura, hata iwe usiku wa manane mkimbizeni.
Kwa maumivu paracetamoli ndo inayoendana na dawa yake. Za 500 mg asizidishe 8 kwa saa 24, na kama ni mwembamba sana au ini lina shida basi chini ya hapo, daktari atampangia.

Mnyalu_Kihesa
Kamwene. Mimi niko Iringa natumia setralini, nayo ni ya sonona kundi moja na hiyo ya mama, mgongo ukinibana nameza tramadoli naendelea na kazi, sijaona shida yoyote, ajaribu hiyo

Mfamasia_Mwanjelwa
@Mnyalu_Kihesa hapana kaka, tafadhali nisikilize. Tramadoli inapandisha serotonini na setralini inapandisha hiyohiyo, zikikutana unaweza kuanza kutokwa jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, homa, kuchanganyikiwa, hata degedege, na watu wanakufa kwa hiyo. Kutoona shida mpaka leo sio kinga. Halafu tramadoli ni dawa ya cheti, anayekuuzia bila cheti anakuhatarisha. Setralini usiiache, ila muone daktari wako wiki hii umwambie unameza vyote viwili.

MamaMafinga
Mdogo wangu, kwenye hiyo aibu namuelewa mama, huku kwetu ukionekana na dawa za akili unapewa jina. Asilazimishwe kumwambia yule wa kwaya. Aende famasi ya mjini asikojulikana, au wewe andika majina ya dawa zake zote kwenye karatasi aitoe tu bila kuongea. Ila asinyamaze, muuzaji asipojua atampa tu kinachotuliza maumivu. Na mfundishe mtoto anayetumwa kusoma maandishi madogo kwenye boksi maana kuna vidonge vya mchanganyiko, ndani mna paracetamoli na diklofenaki humohumo, mtu anadhani kameza panadol ya kawaida

BintiRungwe
Ndaga fijo wote. Nimeongea nae sasa hivi, kakubali, kesho nashuka Tukuyu nampeleka hospitali na maboksi yote. Swali la mwisho, kuna jeli ya diklofenaki ya kupaka, nayo ni hatari?

Mfamasia_Mwanjelwa
Ya kupaka ni afadhali sana, inayoingia kwenye damu ni kidogo, na kwa magoti inasaidia kweli. Ila msianze kabla hilo tumbo halijaangaliwa, muulizeni daktari kesho hukohuko, na asipake kwenye ngozi iliyochubuka.