Tupeane uzoefu: jiko la moshi la nyumbani, uchague lipi?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa kubanika nyama kwa moshi, si wa kuchoma. Kuchoma tunajua wote: mkaa chini, wavu juu, muda si mrefu mtu anaulizia ndimu na pilipili. Hapa ni mapande mazito, yaani kidari cha ng'ombe, bega la kitimoto (nguruwe), paja la mbuzi, yanayokaa saa 5 hadi 12 kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi bila kuguswa na moto, mpaka zile kano na tando ngumu ziyeyuke.

Mtandaoni yamejaa majiko ya kila sura na kila bei. Anayelijua jiko fulani aseme linakula nini, linataka uangalizi kiasi gani na linaharibikia wapi. Aliyekuja kusema tu kwamba la kwake ni kiboko apite kimya.

Mapipa Gerezani

Nianze na pipa, maana ndilo linalopatikana, na fundi wa kuchomelea yeyote wa Gerezani (Dar) au Kamukunji (Nairobi) analiweza ukimpa vipimo. Usipompa vipimo atakutengenezea pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa. Hilo ni jiko la kuchomea: nyama iko karibu mno na moto, ukifunika inaungua chini na juu bado mbichi. Pipa la moshi linasimama wima.

Tafuta pipa la chuma la lita 200 ambalo kifuniko kinatoka chote, lile la kufungwa kwa pete. Uliza lilibeba nini. Mafuta ya kula, asali, juisi nzito, hakuna neno. Dawa za kunyunyizia mimea, rangi, thina, achana nalo hata ukipewa bure. Likiwa na rangi nyekundu au ya kahawia kwa ndani, hiyo ni ngozi ya plastiki ya kulinda chuma na lazima iungue yote. Toboa matundu kwanza ili moto upate hewa, jaza kuni, liwashe uwanjani mbali na nyumba, kisha sugua kwa brashi ya waya hadi uone chuma kitupu. Lipake mafuta ya kula ndani, liwashe tena saa mbili au tatu likiwa tupu, ndipo liko tayari. Chuma cha zinki usitumie popote moto ulipo, iwe pipa, wavu au kikapu. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

Hewa ya chini: matundu matatu ya milimita 20, sentimita 5 kutoka kitako, yakigawana mzunguko sawasawa. Moja livalishwe kipande cha bomba na koki ya robo tatu inchi, mengine mawili yawe na vizibo vya kuweka na kutoa. Hewa ya juu: matundu manane ya milimita 12 kwenye kifuniko, au bomba moja la inchi mbili.

Kikapu cha mkaa kiwe na upana wa sentimita 35 na kimo cha 25, kisimame kwenye miguu ya sentimita 7 ili jivu lipate pa kudondokea. Wavu wa nyama ukae sentimita 60 juu ya sakafu ya kikapu. Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea, wanaushusha wavu ili "nyama ipate moto". Huo umbali ndio unaoiruhusu nyama ikae juu ya mkaa bila kizuizi wala sufuria ya maji.

Kujaza ni kilo 4 hadi 5 za mkaa, mapande makubwa chini, ya ukubwa wa yai juu, chenga zote zibaki guniani. Chenga zinaziba njia ya hewa, saa ya tatu joto linaanguka na mtu anaanza kulaumu pipa. Chomeka vipande vitatu au vinne vya kuni, kila kimoja kama ngumi. Usiwashe kikapu kizima! Washa vipande 10 au 12 pembeni hadi vifunikwe na jivu jeupe, vimwage katikati juu ya mkaa mbichi, moto ushuke wenyewe taratibu. Joto likifika 95 anza kubana, ziba matundu mawili uache koki. Ukisubiri 120 ndipo ubane, litapanda hadi 150 au 160, na kulirudisha chini huchukua saa nzima. Kwa 120, kikapu hicho kinakwenda saa 8 hadi 10 bila kuongezwa kitu.

Kasoro yake ni moja kubwa: mafuta yanadondokea mkaa. Kifuniko kikiwa kimefungwa hayo ndiyo ladha, ukifunua yanalipuka moto. Funga koki dakika moja kabla ya kufunua na usichungulie ovyo.

Kifuniko Juu

Mkuu hapo juu umemaliza mambo ya pipa. Ila kwa anayebanika mara moja kwa mwezi, na wiki nyingine anachoma kuku na mishikaki, jiko la kuba, lile ambalo kampuni ya Weber ya Marekani ililileta mwaka 1952, linafanya kazi zote mbili. Chukua la sentimita 57. La 47 halina nafasi ya kutenga moto na nyama.

Video nyingi zinafundisha njia ya nyoka: unapanga vitofali vya mkaa viwili kwa viwili kuzunguka ukuta, nusu duara, unawasha vichache upande mmoja, moto unatambaa saa 5 au 6. Njia hiyo inataka vitofali vilivyolingana. Kwa mkaa wetu wa gunia moto unaruka au unakufa njiani. Na mkaa mbadala unaouzwa mitaani, mwingine umefungwa kwa udongo. Choma kipande kimoja kwanza. Kikiacha jivu karibu sawa na ukubwa wake, hicho kitaziba hewa kabla nyama haijafika nusu.

Kwa mkaa wa gunia fanya hivi. Mkaa wote upande mmoja, upande wa pili chini ya nyama weka trei ya maji lita 2. Kila dakika 45 hadi 60 ongeza vipande sita au saba vilivyokwishashika moto. Kifuniko kigeuze tundu lake liwe juu ya nyama, liache wazi angalau nusu, joto liendeshe kwa tundu la chini. Wengi wanafunga la juu ili kupunguza joto. Moshi unalala ndani, nyama inatoka nyeusi na chungu kama imepakwa lami.

Mdau Houston

Huku Texas heshima inapewa jiko la ubavu: tanuru la kuni pembeni, chumba cha nyama katikati, bomba la moshi mwisho. Nyama inapata hewa nyingi na moshi safi wa kuni, na ladha yake majiko ya mkaa hayaifikii. Ila wakuu, msidanganyike na yale mepesi. Yenye bati la milimita 2 yanavuja kwenye mlango na kwenye maungio, na upepo kidogo tu unashusha nyuzi 20. Lenye maana ni la chuma cha milimita 6, linapita kilo 200, na likishatua uani halihami.

Atakayempa fundi kazi, tanuru liwe kama theluthi moja ya ujazo wa chumba cha nyama. Mdomo wa bomba la moshi uanzie usawa wa wavu, si kwenye paa la chumba. Ukiwa juu, joto linapita juu ya nyama na kutoka.

Halafu kuna utumwa wake. Linakula kuni, si mkaa: gogo moja la urefu wa sentimita 40 na unene kama mkono kila dakika 30 hadi 45, kutwa. Gogo linalofuata liwekwe juu ya tanuru lipate moto kwanza, la sivyo linatoa moshi mweupe mzito dakika kumi kabla halijawaka. Moshi unaoutaka ni ule wa kibluu hafifu unaokaribia kutoonekana. Mwenye watoto wadogo au shughuli nyingine Jumamosi asilinunue.

Mtoa mada

Na haya ya umeme yenye punje za mbao? Yanasifiwa kwamba unaweka nyama na kwenda kulala.

Mdau Houston

Ni kweli, yakiwa mahali pake. Parafujo inasukuma punje kwenye kikombe cha moto, kijiti cha umeme kinawasha, feni inapuliza, kompyuta ndogo inashika joto. Kuwasha linavuta kama wati 300, baada ya hapo umeme kidogo sana. Moshi wake ni mwepesi, mwenye kupenda moshi mkali atalalamika.

Anayetaka kulisafirisha nyumbani azingatie haya. La soko la Marekani ni la volti 120, kwa hiyo linataka transfoma. Umeme ukikatika usiku feni inazima, joto linaanguka, na nyama ikikaa zaidi ya saa 4 kati ya nyuzi 4 na 60 si ya kuwapa watu. Punje zikipata unyevu wa pwani zinavimba kama uji mkavu na kuikaba parafujo. Zitunzwe kwenye ndoo yenye mfuniko, zisilale ndani ya jiko. Na kabla ya yote, jua utazinunua wapi. Punje za kuni za viwandani zisizojulikana zimetokana na mti gani si za kubanikia chakula.

Kabati la umeme lenye waya wa joto na trei ya vumbi la mbao ni rahisi zaidi, linafaa samaki na soseji. Kwa kidari ile pete ya rangi ya waridi inayoonekana ukikata nyama, chini ya ganda la nje, haitokei, kwa sababu inatokana na gesi za moto halisi wa kuni au mkaa. Ladha haibadiliki kwa hilo, ni macho tu.

Kifuniko Juu

Nimalizie la udongo, yai la Kijapani. Linashika joto ajabu, mkaa kilo 2 hadi 3 unakwenda usiku kucha. Likipita joto unalotaka, basi tena, linapoa kwa saa nyingi. Likianguka linapasuka. Na likiwa limebanwa, ukifungua ghafla hewa inaingia na ulimi wa moto unatoka usoni. Inua kidogo, subiri, ndipo ufungue. Zuri, ghali, si la kuanzia.

Makaa ya Nairobi

Hakuna aliyegusa mwinuko. Vitabu na video vinasema kidari kiko tayari nyuzi 95 ndani. Huko ni usawa wa bahari. Nairobi, karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye 94. Nyama yenye maji ndani haiwezi kupita hapo kirahisi, kwa hiyo ukisubiri 95 unaikausha. Huku anza kupima kwenye 88 hadi 90, na kipimo cha kweli ni mkono: chomeka sindano ya kipimajoto, ikiingia bila kukwama popote, epua. Mbeya na Arusha vilevile, Dar na Mombasa fuateni vitabu.

Kuna pia kile kisimamo cha katikati. Kidari kikifika kama 65 hadi 70 joto linaganda hapo saa 2, 3, hata zaidi, na mtu anamwaga makaa zaidi. Nyama inatoa jasho na jasho linaipoza, basi. Kunja kwa karatasi ya aluminiamu, au karatasi nene isiyo na nta ukitaka ganda libaki kavu, na kitapita.

Kipimajoto cha kwenye kifuniko kinasema uongo hata kwa nyuzi 20 au 30, kwa sababu kiko mbali na nyama. Pesa za madoido nunulia cha waya mbili, mmoja wavuni, mmoja ndani ya nyama. Kijaribu kwenye maji yanayochemka kabla ya kukiamini, ukikumbuka uko mwinuko gani.

Mama Bucha

Mnanunua jiko kabla ya kujua mtabanika nini. Kidari cha Texas ni cha ng'ombe aliyenoneshwa kwa nafaka, kilo 5 hadi 7, mafuta yameingia hadi kati ya nyuzinyuzi za nyama. Ng'ombe wetu wa malishoni kidari chake ni chembamba, na saa 12 za moshi mkavu zinakigeuza mbao. Kwa nyama yetu mwambie mwenye bucha akate kipande kinene cha upande wa shingo au mbavu fupi zenye mfupa, kilo 2 hadi 3, asiondoe mafuta. Chumvi gramu 10 kwa kilo, usiku mmoja kwenye friji bila kufunika. Moshi saa 3 au 4, kisha kunja na vijiko vichache vya supu hadi kilainike. Paja la mbuzi vivyo hivyo. Kwa hesabu hiyo pipa au jiko la kuba vinatosha kabisa.

Kitimoto ndicho kinachosamehe mwanafunzi: bega lina mafuta ya kutosha kuvumilia joto likipanda na kushuka. Kuku yeye hataki 110 hata kidogo, ngozi inakuwa kama mpira. Mpe 150 hadi 160, ndani afike 74, mmalize.

Nyama ikiiva mapema, ikunje kwa foili na taulo, iweke kwenye deli (kasha la kutunzia baridi) lisilo na barafu. Inakaa saa 2 hadi 3 ingali ya moto, na inalainika zaidi.

Mtoa mada

Asanteni. Kuni zipi sasa, maana hickory, ule mti wanaobanikia Marekani, hatuna?

Mapipa Gerezani

Mwembe, mpera, mparachichi, mchungwa, mlimao. Mgunga una nguvu, weka kidogo. Kuni zikaushe miezi sita kivulini, magome yaliyolegea yatolewe. Msonobari na mkaratusi hapana, utomvu na mafuta yake yanatia uchungu. Mwarobaini hapana. Mbao za fenicha na vibao vya bandarini hapana, hujui zimepakwa nini.

Makaa ya Nairobi

Na kwa wa ghorofani wenye baraza tu: jiko la mkaa lisiwashwe kwenye baraza lililozibwa, gereji wala jikoni, hata madirisha yakiwa wazi. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua. Kwenye baraza lililo wazi chukueni kabati la umeme, nalo lisiwashwe ndani kwa sababu vumbi lake la mbao linatoa gesi hiyo hiyo, na muombe ruhusa ya jirani wa juu kwanza.