Hanesi, kanga, kigari au mguu wa bandia? Mbwa wa miguu mitatu baada ya saratani (Arusha na Moshi)

KijiweNjiro

Wakuu, habari za jioni. Swali hili linajirudia kila mara kwenye makundi ya wafugaji mbwa huku kwetu: mbwa kakatwa mguu kwa saratani ya mfupa, dripu za dawa ya saratani bado zinaendelea, mwenye mbwa ana hela mkononi anauliza anunue nini. Wengi wanakimbilia kigari, ile fremu ya magurudumu anayofungwa mbwa, kwa sababu wamekiona kwenye video. Tulinganishe hapa, ili mtu akija tumwelekeze kwenye uzi huu.

Tuchukulie mbwa wa kilo 30, mguu wa mbele umetolewa wote pamoja na mfupa wa bega, mshono umepona. Mbwa mwenye miguu yote hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake mbele na 40 nyuma, kwa hiyo kila mguu wa mbele ulikuwa na kilo 9. Ukitolewa mmoja, uliobaki unabeba karibu asilimia 47, yaani kilo 14, na kila hatua ni kuruka na kutua. Aliyekatwa wa nyuma ana nafuu: mguu wa nyuma uliobaki hubeba kama asilimia 26, zilizobaki zinahamia mbele. Anayeuliza "kifaa kipi" bila kusema mguu upi, bado hajauliza.

Msimamo wangu, mnisahihishe: hanesi ya mwili mzima (vazi la mikanda lenye vishikio mgongoni) kwanza, sakafu pili, kigari mwisho kabisa na si kwa kila mbwa. Mguu wa bandia sijauweka hata kwenye orodha.

MtuWaKiboriloni

Mkuu, mguu wa bandia umeutupa haraka mno. Hapa Moshi tuna chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, ndipo wanaposomeshwa mafundi wa viungo bandia. Wanachukua umbo kwa plasta, wanafinyanga soketi ya plastiki, yaani kikombe cha kuvalia kigutu, wanaweka mikanda, mtu anatembea. Mbwa anashindwa nini?

Dkt_UsaRiver

Kinachoshinda si fundi, ni kigutu. Soketi inahitaji kitu cha kushika. Kwa mguu wa mbele unataka kiwiko kiwepo na angalau nusu ya mfupa wa chini yake, vinginevyo kifaa kinazunguka, kinachuna ngozi na kuvuka kama kiatu kikubwa. Sasa, kwenye saratani ya mfupa mpasuaji haachi kigutu. Anatoa mguu wote, wa mbele pamoja na bega, wa nyuma kutoka kwenye nyonga au juu kabisa ya paja, ili uvimbe usibaki na ili kisiwepo kipande kinachogonga chini na kuchubuka kila siku. Mguu wa bandia unamfaa mbwa aliyepoteza unyayo kwa mtego wa waya au ajali. Huyo ni mgonjwa mwingine.

Jambo la pili watu hawapendi kulisikia, lakini linabadilisha manunuzi. Kwa osteosakoma, ndiyo hiyo saratani ya mfupa, kukata mguu peke yake humpa mbwa wa kawaida kama miezi 4 hadi 5. Ukiongeza dripu, mara nyingi dawa ya saratani iitwayo carboplatin, miligramu 300 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila baada ya siku 21, mara 4 hadi 6, inafika takriban miezi 10 hadi mwaka. Wapo wanaovuka hapo. Lakini kifaa cha kuagiza nje kinachofika baada ya miezi miwili kimeshakula sehemu kubwa ya muda wenyewe. Nunua kinachofanya kazi wiki hii.

DadaWaSakina

Hapo daktari umemaliza. Mimi nizungumzie kanga na hanesi, maana huko ndiko watu wanakosea kwa vitu vya bei ndogo.

Kanga ni nzuri kwa wiki mbili za kwanza, kwa aliyekatwa mguu wa nyuma. Ikunje kwa urefu mpaka upana wa sentimita 20 hivi, ipitishe chini ya tumbo mbele ya paja, ncha zote mbili juu ya mgongo mkononi mwako. Usimnyanyue, unamzuia asianguke tu. Mguu wake uendelee kubeba. Ukikunja nyembamba inakuwa kamba na inakata. Kwa dume, ukiiweka nyuma mno inabana uume, hakojoi, watu wanadhani kagoma kwa sababu ya maumivu. Isogeze mbele vidole vinne, halafu mkifika kwenye majani ilegeze kabisa asimame mwenyewe.

Kwa aliyekatwa wa mbele kanga haifai. Inateleza kuelekea shingoni, au inaingia kwapani kwenye mshono. Huyo anataka hanesi yenye bamba pana kifuani, mkanda mmoja nyuma ya kwapa na mwingine karibu na kiuno, na vishikio viwili mgongoni. Hanesi za dukani zimeshonwa kwa miguu minne. Upande usio na mguu hakuna bega la kuizuia, kwa hiyo yote inazunguka upande huo mpaka klipu inakaa katikati ya kifua. Mpelekee fundi wa mabegi, siyo fundi cherehani wa nguo, maana sindano yake haipiti. Aunganishe kile kitundu cha mguu usiokuwepo kiwe kipande kimoja kipana, ndani aweke sponji ya sentimita moja na kitambaa laini cha pamba juu yake, na aongeze mkanda wa tatu kuelekea kiunoni. Huo wa tatu ndio unaozuia kuzunguka.

Vidole viwili vipite chini ya kila mkanda. Ivue usiku. Msimu wa masika ukimwacha na hanesi iliyolowa, kesho yake kwapa jekundu, keshokutwa kidonda, na mbwa aliye kwenye dripu kidonda hakiponi haraka.

FundiSombetini

Nakazia hapo kwa fundi wa mabegi. Sasa kigari, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Kwa mbwa wa KijiweNjiro, kigari sishauri. Cha mbele kinamfanya asukume kwa miguu ya nyuma kitu asichokiona vizuri, na barabara zetu za mitaani zina mawe na mitaro. Gurudumu moja likiingia kwenye mtaro anapinduka, na akishapinduka hawezi kuinuka akiwa ndani. Aliyekatwa wa nyuma mwenye mguu mwingine mzima hahitaji pia, anakimbia kuliko wewe. Kigari kina maana pale mguu uliobaki unaposhindwa: goti limekatika ukano, nyonga ina baridi yabisi, au nyuma nzima imelegea.

Ukifika hapo, kwa mbwa wa kilo 25 hadi 35 tengeneza hivi. Fremu ya bomba la mraba la alumini la milimita 20. PVC ya inchi moja inafaa kwa mbwa mdogo, lakini kwa kilo 30 inapinda kwenye viungo na ukiiacha juani inazidi kulegea. Magurudumu ya baiskeli ya mtoto, inchi 12, yenye beringi. Yale ya plastiki ya vigari vya watoto vya mitumba, pale soko la Kilombero Arusha au soko la Memorial Moshi, ni mepesi lakini ni madogo, yanakwama kwenye kokoto. Ukitaka ya upepo ujue miiba ya migunga ipo. Bora raba ngumu.

Vipimo mchukue akiwa wima, mtu mwingine amemshika. Kimo kutoka chini mpaka kwenye kinena mguu ukiwa umenyooka kawaida: hapo ndipo tandiko linakaa. Upana wa nyonga, ongeza sentimita 3 kila upande. Urefu kutoka nyuma ya bega mpaka shina la mkia. Tandiko ni mkanda wenye matundu mawili ya miguu, ila kwa mbwa wa miguu mitatu upande mtupu unajaza sponji ngumu iliyofunikwa ngozi laini, la sivyo nyonga inazama upande huo na uti wa mgongo unapinda.

Kinachoharibu vigari vingi ni ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu. Mfunge, kisha nyanyua fremu ya mabegani kwa kidole kimoja. Ikiwa nzito inamkandamiza mgongoni, sogeza magurudumu mbele sentimita 2. Ikiwa inaruka juu na kuvuta mkanda wa tumbo, rudisha nyuma. Ikae pale inapoelea karibu bila uzito. Kwa hiyo usichomelee ekseli siku ya kwanza. Toboa matundu matano na ufunge kwa boliti.

Dakika 10 mara mbili kwa siku, wiki nzima ya kwanza. Hawezi kulala akiwa ndani, kwa hiyo usimwache peke yake hata kidogo.

MzeeWaTengeru

Vijana mnazungumza vifaa, mimi naona marumaru. Mbwa wa miguu mitatu akiteleza hana mguu wa kujishika, anatua na kiwiko au kifua. Mkeka wa ukili unateleza naye. Zulia la plastiki likilowa ni sabuni. Kinachofanya kazi ni raba: mikeka ya raba ya garini, au tyubu ya lori iliyopasuliwa na kulazwa, upande wa ndani juu. Tengeneza njia kutoka anapolala mpaka kwenye maji, chakula na mlango. Huna haja ya kuzungushia nyumba nzima. Manyoya katikati ya vidole yakatwe kila wiki mbili, na kucha zisiguse sakafu akisimama. Hilo la kucha peke yake linamaliza nusu ya utelezi.

Aliyekatwa wa mbele, chombo cha chakula kiinuliwe kufikia kimo cha kiwiko. Akila chini, kilo zote zinalala kwenye kile kiganja kimoja.

Kuingia kwenye gari: mlango wa nyuma ukiwa na kimo cha sentimita 60, ubao uwe mita 1.8, upana sentimita 40, juu upigilie gunia au zulia kuukuu. Mbao fupi ya mita moja ni ukuta. Na kumbuka, aliyekatwa wa mbele hupata taabu akishuka, aliyekatwa wa nyuma akipanda. Watu wanamsaidia kupanda halafu wanamwacha aruke mwenyewe kushuka, na pale ndipo kifundo cha mbele kinapoumia.

Mazoezi: nyuzi zikitolewa, siku ya 10 hadi 14, anza dakika 5 mara nne kwa siku, siyo dakika 20 mara moja. Ongeza dakika moja moja kila wiki. Moshi mjini tembea saa kumi na mbili unusu asubuhi, siyo saa nne. Kuruka kunachosha kuliko kutembea na joto linampata upesi. Ndani, asimame dakika moja, mguu wa mbele (au yote miwili kwa aliyekatwa wa nyuma) ukiwa juu ya tyubu ya gari iliyojazwa upepo nusu na kufunikwa gunia. Anayumba, misuli ya tumbo na mgongo inafanya kazi.

Na uzito jamani. Mbavu uzipapase bila kubonyeza. Huyu wa kilo 30 akiongezeka kilo 3, karibu kilo moja na nusu inatua kwenye ule mguu mmoja. Ugali ndio wa kupunguza, siyo dagaa.

MtuWaKiboriloni

Shikamoo mzee, na asante. Daktari, haya mazoezi yanapangwaje na dripu? Akiwa amelegea ni mguu au ni dawa?

Dkt_UsaRiver

Swali zuri. Siku 3 za kwanza baada ya dripu anaweza kutapika au kugoma kula: matembezi ya choo tu, na mkojo na kinyesi mshike kwa glavu mpaka saa 72 zipite. Mjamzito asishike kabisa. Wiki ya pili ndipo chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zinashuka. Asichanganywe na mbwa wengine, asiogeleshwe mtoni. Pima joto kila siku. Kawaida ni 38 hadi 39.2. Likifika 39.5 na amezubaa, ni daktari usiku huohuo, usingoje asubuhi. Wiki ya tatu ndiyo ya mazoezi.

Kabla ya kila dripu damu ipimwe. Nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) zikiwa chini ya 1,500 kwa mikrolita, au chembe sahani (za kugandisha damu) chini ya 75,000, inaahirishwa. Huku kwetu kuna mtego: homa ya kupe, erlikia, nayo inashusha chembe sahani. Unalaumu carboplatin kumbe ni kupe. Kinga ya kupe isikatike hata mwezi mmoja.

Dawa ya maumivu: diclofenac na ibuprofen za duka la dawa ni sumu kwake, zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Meloxicam ya mbwa, miligramu 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku kwa maelekezo ya daktari wake, na isimamishwe akitapika au asipokunywa maji. Isikutane na prednisolone. Gabapentin ya maji ya binadamu soma kibandiko kwanza, nyingine zina xylitol, kitu cha kutia utamu, ambayo inaua mbwa. Tumia kapsuli.

Na FundiSombetini, kabla hujachukua vipimo vya mtu yeyote, uliza kwanza: kulegea huku kumeanza lini? Mbwa aliyekuwa anakimbia vizuri miezi mitatu akaanza kuchechemea ghafla kwenye mguu mwingine, huyo apigwe eksirei ya ule mguu na ya kifua kwanza. Saratani hii hupenda mapafu, na mara nyingine mfupa mwingine. Kigari kitamfanya aonekane mzima huku mfupa ukiliwa.

FundiSombetini

Nimekupata daktari. Kuanzia leo anayeniletea mbwa wa miguu mitatu naomba na hiyo picha ya eksirei. Wengine mnaotaka vipimo, wekeni hapa: kimo cha kinena, upana wa nyonga, urefu wa mgongo, uzito wa wiki hii, mguu upi haupo, na picha ya pembeni mbwa akiwa wima kwenye sakafu ngumu. Si kwenye majani, kimo kinadanganya.