Mnaosukuma mafaili kwenye databesi, mnajua yanalala wapi?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Tumekabidhiwa mfumo wa nyaraka uliojengwa na kampuni fulani juu ya programu ya databesi ya PostgreSQL, na kila barua iliyoskaniwa imewekwa ndani ya databesi. Hilo peke yake sina ugomvi nalo, maana faili na taarifa zake zikiingia katika muamala mmoja, kimoja kikikwama vyote vinarudi. Kinachoniudhi ni kwamba aliyejenga hakujali kabisa mafaili hayo yanakaa wapi.

Ukilitazama jedwali ni jepesi kabisa. Kwenye kolamu ya faili kuna namba tu, OID, yaani namba ya utambulisho wa faili. Faili lenyewe limekatwa vipande vya kilobaiti 2 na kuwekwa kwenye jedwali la mfumo, pg_largeobject. Sasa kuna kazi ya usiku inayofuta mistari ya nyaraka zilizopitwa na wakati. Mstari unafutika, namba inaondoka nao, vipande vinabaki palepale! PostgreSQL itajuaje kwamba namba ile ilishika faili? Ilibidi mtu aite lo_unlink (amri ya kufuta faili lenyewe), au aweke triga ya lo_manage (inayolifuta yenyewe mstari ukifutwa), au basi aendeshe mara kwa mara vacuumlo, programu ya kufagia mafaili yasiyo na mwenyewe. Hakuna hata kimoja kilichofanyika. Diski inajaa mafaili yasiyo na mwenyewe, bekapu inayabeba yote, na tukiuliza tunaambiwa tuongeze diski. Jamani! Na hata tukiyafuta leo, nafasi ile itatumika tena humohumo tu. Kuirudisha kwenye diski kunahitaji VACUUM FULL, amri ya kuliandika jedwali upya, ambayo inafunga jedwali zima hadi imalize.

Wangetumia bytea, aina ya kolamu inayoweka baiti zenyewe za faili, tusingefika huku. Ukurasa wa PostgreSQL ni kilobaiti 8 na mstari hauruhusiwi kuvuka ukurasa, kwa hiyo mstari ukizidi takriban kilobaiti 2, thamani kubwa zinabanwa, na zikigoma kutosha zinahamishiwa jedwali la pembeni, TOAST. Kwenye mstari kinabaki kielekezi cha baiti 18. Ukifuta mstari, vipande vyake vinafutwa pamoja nao. Kikomo ni gigabaiti 1 kwa thamani moja, na barua gani iliyoskaniwa inafika huko?

Halafu sehemu moja walitumia bytea kweli, wakaiharibu kwa SELECT *, amri inayovuta kolamu zote. Ukurasa wa orodha unaonyesha jina na tarehe tu, lakini unavuta kila picha hadi kwenye seva ya programu! Thamani iliyo nje ya mstari haiguswi usipoiomba. Taja kolamu unazozihitaji, basi. Na picha za JPEG zimeshabanwa tayari. Kuiacha databesi ihangaike kuzibana tena ni kuchosha prosesa bure wakati kuna SET STORAGE EXTERNAL, inayohifadhi thamani nje ya mstari bila kuibana.

Asije mtu hapa kusema databesi zote ni yaleyale. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya databesi ya MySQL, kwa mpangilio wa mistari wa COMPACT inabakiza baiti 768 za mwanzo za thamani kubwa ndani ya mstari. Kwa DYNAMIC inaweza kubakiza kielekezi cha baiti 20 tu. Soma kwanza ya kwako ndipo uchore jedwali.

Aliyewahi kuhamisha mafaili kutoka pg_largeobject kwenda bytea bila kuzima mfumo, tafadhali aseme alianzia wapi. Wale waliotujengea hawapokei tena simu.